Jibu: Ningoje 60 ndipo nichongeshe mashua?

Waalaikum salaam ndugu yangu. Umesema u mwalimu wa serikali hapa Lamu, miaka 51, na hujui ungoje kustaafu ndipo uchongeshe mashua ya kutembeza wageni, au uanze sasa.

Kwanza kaangalie pensheni. Mtumishi wa umma huruhusiwa kuomba kustaafu mapema akishafika 50, lakini usiandike barua kabla hujapigiwa hesabu, ukitoa na mkopo wa sacco uliobaki.

Mimi sikuacha kazi. Nilinunua chombo kwa ubia na binamu yangu, nikawa natoka naye likizo za shule. Desemba kaskazi inavuma, Shela imejaa wageni, safari za kisiwa cha Manda Toto hazikosekani. Aprili na Mei masika, hoteli kadhaa hufunga. Upepo wa kusi ukikaza Juni na Julai, bahari ya nje haichezewi. Pigia hesabu miezi hiyo, si Desemba.

Halafu kupandisha foromali, ule mti unaobeba tanga, kwataka mgongo, na mgongo hauna pensheni! Ukingoja 60 utaishia kuwalipa vijana waifurahie mashua yako.

Bei kaulize kijiji cha Matondoni kwa mafundi wa mashua wenyewe. Leseni ya Mamlaka ya Bahari na jaketi za kuokolea zitie kwenye bajeti mapema.