Shangazi, mke wangu amerudi kwao kwa sababu ya ambulensi ya zamani

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 46, naishi Tanga. Tangu utotoni napenda magari ya kale. Mwezi wa tatu nilipata Land Rover 109 ya mwaka 1974 iliyokuwa gari la wagonjwa la hospitali ya misheni, nikainunua milioni 6 kutoka kwenye akiba yetu ili niirudishe ilivyokuwa. Injini inawaka kwa ufunguo mmoja, bodi haina kutu hata chembe, chasisi imeliwa kidogo tu kwa nyuma. Ndani ni kutupu, vitanda vilishang'olewa. Fundi anasema miezi mitatu inatosha. Mke wangu anasema ni gari la maiti. Ameacha hata biashara yake ya vitumbua na amerudi kwao Muheza. Nifanye nini arudi na aache ushirikina? Mpenda Vya Kale, Tanga."

Marahaba mwanangu. Pole kwa nyumba kupoa. Zaidi ya pole hiyo sina, maana barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikirudia naona haki iko kwa mkeo.

Umeandika "akiba yetu", kisha ukaandika "nikainunua". Akiba ya wawili, uamuzi wa mmoja. Na mama anayeuza vitumbua, akiba yake mara nyingi iko kwenye kikoba, na siku ya marejesho anayesimama mbele ya wenzake ni yeye, si wewe. Hukunieleza fedha zilikaa wapi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mkeo nadhani habari aliipata gari likishushwa kwenye lori mlangoni.

Hiyo biashara hakuiacha. Land Rover 109 ina urefu wa karibu mita 4 na nusu. Kwenye ua wa nyumba zetu za Tanga gari la namna hiyo haliingii mpaka kitu kingine kitoke, na naamini kilichotoka ni jiko lake. Tena magari hayo yakizeeka huvuja: oili inadondoka kwenye sili ya nyuma ya krenki, na kwenye zile tufe za kromu nyuma ya magurudumu ya mbele, zikishapata vishimo vya kutu. Mwanamke anaumua unga wa mchele hapo, wewe unamdondoshea oili ya gia. Angefanya nini?

Na hilo la maiti usiliite ushirikina. Gari hilo lilibeba damu miaka mingi. Mlisafishe kabla mtoto hajapanda ndani: dawa ya klorini ya dukani yenye nguvu ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, iache dakika 10 kisha suuza kwa maji mengi, kwa sababu klorini ikikaa inakula alumini. Sakafu ya mbao iliyolowa vitu usihangaike kuiosha, ing'oe. Shehe akija kusoma dua, hujapungukiwa na kitu na mkeo ameona umemsikia.

Sasa tulitazame gari, maana ulivyolinunua ndivyo ulivyoiandika barua. Unajivunia bodi isiyo na kutu. Mwanangu, bodi ya Land Rover hiyo ni aloi ya alumini, haiwezi kushika kutu. Kinachooza ni chasisi ya chuma iliyo chini yake, pamoja na ule ukuta wa chuma kati ya injini na kabini, hasa sehemu za kuwekea miguu na nguzo za milango. Chasisi yake ni boksi lenye uwazi ndani, kwa hiyo huanza kuoza kwa ndani. Ukiona tundu dogo nje, ndani kuna pango. Upepo wa chumvi wa Tanga unazidisha, na pale alumini inapogusana na chuma utakuta unga mweupe: alumini inaliwa.

Chukua nyundo ndogo, ulale chini, ugonge kila shubiri. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kiziwi. Anza na mhimili wa chasisi unaokingama nyuma, kisha mikono inayobeba bodi, vishikio vya springi na penye tenki la mafuta. Bisibisi ikizama, hapo panakatwa mpaka chuma safi na kuchomelewa bamba la milimita 2 hadi 3. Fundi akitaka kubandika kiraka juu ya kutu, mkatalie. Tenki litolewe na betri ikatwe kabla moto haujawashwa, na kazi ikiisha boksi lipigwe nta kwa ndani. Rangi ya nje peke yake ni kuficha maradhi, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Injini kuwaka kwa ufunguo mmoja ndiyo sifa iliyokudanganya. Ile ya petroli ya cc 2,286 ilitengenezwa kwa wingi, spea zake zinapatikana, na ni injini anayoweza kuifungua fundi yeyote mwenye subira. Lakini reli za machela, viti vya muuguzi, makabati, vioo vya kusukuma vya bodi na mipira ya milango ya nyuma havipo dukani. Mkusanyaji anayejua hununua lenye injini iliyokufa na ndani kamili. Wewe umefanya kinyume, kwa hiyo vitu hivyo utavitafuta miaka au utavichonga upya kwa kupima gari la mwenzako. Kabla ya yote, tazama namba iliyogongwa kwenye chasisi, karibu na kishikio cha springi ya mbele kulia, uilinganishe na kadi. Zisipolingana, simama hapo hapo.

Breki ni dramu magurudumu yote manne. Gari lililolala muda mrefu, silinda za magurudumu zimeshika kutu na mipira imevimba, kwa hiyo usiliendeshe hata mpaka dukani. Badilisha silinda zote, mipira ya breki na masta silinda. Vumbi la brekishu za zamani lina asbesto: usilipulize kwa kompresa, lifute kwa kitambaa kibichi. Msalaba mwekundu nao ufute, maana Mikataba ya Geneva ya 1949 inakataza mtu binafsi kuutumia, na king'ora ukiache kabatini.

Kwa hiyo hiyo miezi mitatu haipo. Ukifanya kazi hiyo vizuri kwa mshahara wa kawaida, hesabu miaka miwili au mitatu. Mkeo ameiona miaka hiyo kabla yako.

Siku hizi nyumba nyingi zinafia hapa. Mume ana simu ya siri, mke ana kikoba cha siri, wanakutana kwenye sahani ya wali tu. Wazee wetu hawakuwa malaika, lakini mtu akinunua ng'ombe alisema nyumbani kabla ng'ombe hajafika. Kinachomuuma mwanamke ni kuonekana mgeni kwenye nyumba aliyoijenga kwa kitumbua kimoja kimoja. Kupenda magari hakukuudhi mtu. Hata mimi nataka gari hilo lipone, maana Land Rover za namna hiyo zimewafikisha hospitali mama zetu wengi wakiwa na uchungu wa kuzaa, na nyingi zimeishia kukatwa vyuma chakavu.

Lakini lipone baada ya deni. Kama fedha ni za kikoba, lipa kwanza, usiguse spana. Litafutie kiwanja kwingine. Mwaga petroli, toa betri, lipandishe juu ya magogo, siyo tofali za saruji maana hupasuka, ulifunike turubai linalopumua. Nailoni itafungia unyevu na mwaka ujao hutakuta chasisi.

Kisha panda basi la asubuhi mwenyewe uende Muheza, usimtume mshenga. Salimia wakwe, kaa chini, sema neno "nimekosa" kabla ya neno "gari". Beba daftari lenye gharama zote, mpe yeye kalamu. Akisema liuzwe, liuze.

Ila usiondoke Tanga kabla jiko lake halijarudi mahali pake na ule mchanga wenye oili haujachotwa wote.