Muulize Mwalimu: Gracchus alitaka haki au ufalme?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Barazani kwetu Majengo tumebishana hadi kahawa ikapoa. Mimi nasema Tiberius Gracchus wa Roma alitetea wanyonge. Mwenzangu ashikilia kuwa alitaka ufalme tu. Nani kapatia? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kahawa ailipe mwenzako, ila si yote.

Mwaka 133 KK, Tiberius, akiwa tribuni, yaani afisa aliyechaguliwa kuwatetea raia wa kawaida, alitaka mtu asishike zaidi ya yugera 500 za ardhi ya umma, kama ekari 310 hivi. Ziada wagawiwe maskini. Mashamba ya watu binafsi hakuyagusa, jambo ambalo wengi husahau. Tena alikuwa na hesabu ya jeshi: aliyeandikishwa ni mwenye mali, na wenye mali walikuwa wakipungua.

Mimi nimekulia Kisauni katika nyumba bila ardhi. Kuta zetu, kiwanja cha mtu, na kila mwezi marehemu babangu akipeleka kodi. Kwa hiyo usinitarajie nisiegemee upande.

Lakini tribuni mwenzake, Octavius, alipoizuia sheria kwa kura ya turufu, Tiberius aliwafanya wananchi wamvue cheo, na sheria ikapita. Kisha akagombea muhula wa pili mfululizo. Hapo ndipo mwenzako anapopata pa kushikia. Maseneta walimuua kwa rungu na miguu ya mabenchi yaliyovunjika, maiti ikatupwa mto Tiber. Tume ya kugawa ardhi, ajabu, iliendelea na kazi. Mdogo wake, Gaius, akaja na nafaka ya bei nafuu mwaka 123. Naye akaangamia 121.