Uliza Maalim: Mwanangu ametolewa Jahazi, ametiwa Dau

SWALI: Assalamu alaikum Maalim. Kijana wangu yuko Gredi ya 8 katika shule moja hapa kisiwani. Mwanzo wa muhula walipangwa upya kwa alama za mtihani: wa juu darasa la Jahazi, wa kati Mashua, wa chini Dau. Wangu alikuwa Jahazi, sasa ametiwa Dau. Hesabu zinamshinda, sikatai, lakini Kiswahili hana neno. Siku hizi asubuhi mpaka nimvute shuka ndipo aamke. Ananambia, “Mama, sisi wa Dau mwalimu akikosa haletwi mwingine.” Babake ataka tumpeleke Malindi kwa ami yake akasome huko. Ni haki watoto kugawanywa hivi? – Mama wa watatu, Shela

JIBU: Waalaikumu salaam mama. Majina hayo yamenichekesha kidogo. Aliyeyachagua alidhani ameficha jambo. Mtoto wa Lamu umfiche ukubwa wa vyombo! Wangeandika A, B na C mlangoni ingekuwa hisani.

Lakini sina uso wa kumlaumu mwalimu yeyote, maana kazi hiyo ya kuchagua nimeifanya kwa mkono wangu. Zama za KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa mara ya mwisho 2023, tulikuwa na darasa la saba mikondo miwili. Mwaka mmoja nikapewa mimi kujumlisha alama na kutoa arubaini wa mkondo wa juu. Nilijumlisha usiku, kwa kandili, nyuma ya boksi la chaki. Muhula wa pili, nikinakili ripoti, ndipo nikaona: binti mmoja nilimwandikia Hesabu 71, na karatasi yake ilisema 41. Alama 30 za bure. Hakuwa wa mkondo ule hata kidogo. Nikanyamaza. Yeye mwaka huo alimaliza wa ishirini na kitu kati ya arubaini, na hakuna aliyemshuku.

Huyo binti hanisumbui. Anayenisumbua ni mtoto aliyekuwa wa arubaini kwa haki yake, na kwa kalamu yangu akawa wa arubaini na moja. Sikurudi kutazama jina. Pengine leo ni mtu mzima, hunipa mkono pale forodhani, nami sijui ni yupi.

Utafiti mkubwa wa jambo hili umefanywa papa hapa Kenya, upande wa magharibi, kuanzia 2005. Waliouongoza ni wachumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer, wakauchapisha 2011. Shule 121 zilizokuwa na darasa la kwanza moja lililofurika zilipewa fedha za kuajiri mwalimu wa ziada, na kila darasa likakatwa mapande mawili. Shule 60 zilikata kwa alama. 61 zilikata ovyo, kwa bahati nasibu. Baada ya miezi 18, waliogawanywa kwa alama walikuwa mbele ya wenzao, na si wale wa juu peke yao, hata wa chini. La ajabu zaidi ni watoto wa katikati kabisa: aliyepona kwa alama moja akaingia pande la juu, na aliyekosa kwa alama moja akaangukia la chini, mwisho wa safari walikuwa sawa. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka binti yangu wa 41.

Babake asije akasema basi shule imefanya vyema. Ngoja. Kule, nani afundishe pande la chini liliamuliwa kwa bahati nasibu. Wa chini hawakupewa mwalimu aliyebaki baada ya wazuri kugawiwa wengine. Na mwalimu wao aliweza kushuka akaanzia pale watoto walipo, badala ya kufundisha safu ya mbele huku ya nyuma ikilala. Hata hivyo, walimu wa serikali waliopangiwa pande la juu walionekana darasani zaidi, na waliopangiwa la chini hawakuzidisha lolote. Kwa hivyo kijana wako, bila kusoma utafiti wa mtu, ameshika penyewe: mwalimu wa Dau akikosa haletwi mwingine. Kutenga watoto ni jambo moja. Kuwatenga kisha ukawapa masalio ni jambo jingine, na hilo ndilo nililoliona mara nyingi katika miaka yangu ya chaki. Marekani nako, mtafiti wa elimu Jeannie Oakes alichunguza shule 25 na kuandika mwaka 1985 kwamba madarasa ya chini yalipewa mazoezi ya kujaza na kukariri, huku ya juu yakifundishwa kufikiri.

Basi nenda kwa mwalimu mkuu, mapema, kabla hajazongwa na wageni, na usiende kugombana. Muulize nani anafundisha Hesabu Dau: mwalimu mzoefu, au kijana aliyeajiriwa na BOM, bodi ya shule, aliyekuja juzi na anayetafuta kazi kwingine? Muulize watoto hupangwa upya lini, na mwaka jana ni wangapi waliotoka Dau wakapanda. Akikwambia hakuna hata mmoja, hapo si darasa tena. Kisha mwambie hivi: mwanangu Hesabu hajui, mwekeni na wasiojua Hesabu, saa ya Hesabu. Kwa Kiswahili ana kosa gani? Atakwambia ratiba hairuhusu. Mwambie utangoja aitazame tena ratiba.

Malindi mwacheni kwanza. Mtoto wa miaka kumi na mitatu kumtoa kwa mamake kwa sababu ya Hesabu! Na madau hata Malindi yapo. KJSEA, mtihani wa taifa, ni mwisho wa Gredi ya 9, na wenyewe ni asilimia 60 tu ya alama zake za mwisho. 20 ni za KPSEA, ule mtihani wa Gredi ya 6 ambao ameshaufanya, na 20 ni za tathmini za shuleni. Muda upo. Asubuhi endelea kuvuta shuka.

SWALI: Maalim, nafundisha Faza, Gredi ya 4, watoto 54. Kama kumi na tano bado wanaunga herufi. Nikiwatenga naambiwa nawabagua. Nifanyeje? – Mwalimu kijana

JIBU: Watenge saa moja, kisha warudishe. Shirika la Pratham la India limeufanya mtindo huu kwa miaka mingi: kila mtoto anapimwa peke yake, dakika chache tu, asome herufi, neno, aya fupi, kisha hadithi. Anapokwama ndipo panapokuwa kundi lake, awe wa gredi yoyote. Wanaojua herufi wanacheza na maneno, wanaojua maneno wanasoma aya. Baada ya wiki kadhaa unapima tena na makundi yanavunjika. Saa zilizobaki wote ni Gredi ya 4.

Wewe na mimi hili si geni kwetu. Chuoni, kwa Kurani, mwenye alifu alikaa ubavu kwa ubavu na aliyefika Yasini, mwalimu akituita mmoja mmoja, na wakubwa wakiwasikiliza wadogo. Hakuna aliyeitwa mjinga kwa kuwa na sura fupi. Mjinga alikuwa yule asiyekuja. Bakora usiichukue, ila mpango ule uchukue. Makundi usiyape majina ya samaki. Watajua mara moja nani nguru na nani dagaa.

SWALI: Mbona kila siku mnawaonea huruma wa nyuma? Wangu ni wa kwanza Hesabu, na kutwa anangoja wenzake wamalize. – Baba, Mkomani

JIBU: Una haki, na ule utafiti wa magharibi uko upande wako: wa juu nao walifaidika. Mtoto anayengoja kutwa huishia kuchora meza. Mwombe mwalimu ampe hesabu za gredi ya mbele, wala asimgeuze msaidizi wa kusahihisha madaftari, kazi ambayo mimi niliwapa watoto werevu kwa uvivu wangu tu. Ila barua yako imesema Hesabu mara moja, na masomo mengine hukuyataja. Nitumie ripoti yote.