Jibu kwa mama mdogo kuhusu mume wa Ufaransa

Mama mdogo, shikamoo. Ujumbe wako nimeusoma. Unaomba nimwambie mume wangu amtafutie mdogo wangu mchumba huku, kwa kuwa nyumbani inasemekana aliyeolewa Ulaya hana tena shida ya karatasi wala ya fedha. Maneno hayo yameniudhi, na kwa heshima zote sitakuficha.

Ninaishi Saint-Denis, mji ulio kando ya Paris. Chini ya kanisa kuu la mji huu, mwaka 1959, lilifunguliwa kaburi la mwanamke aliyezikwa na vito pamoja na pete ya dhahabu yenye jina Arnegundis, na wataalamu wengi humtambua kuwa ni Aregund, malkia wa karne ya 6 wa Wafranki, watu waliotawala nchi hii zamani. Dada yake, Ingund, aliyekuwa mke wa Mfalme Chlothar, alimwomba mumewe jambo hilihili unaloniomba wewe: amtafutie Aregund mume mwenye cheo na mali. Mfalme akaenda kumtazama, akamwoa yeye mwenyewe, kisha akarudi kumwambia Ingund kwamba hakuona mume bora kuliko yeye mfalme mwenyewe. Ingund akajibu kwamba bwana wake atende aonavyo vema, mradi yeye, mjakazi wake, asikose fadhili zake. Malkia mzima alijiita mjakazi, kwa sababu kila alichokuwa nacho kilikuwa mkononi mwa mtu mmoja.

Hapo ndipo panaponiuma. Kibali changu cha kuishi huku, miaka ya mwanzo, kilitegemea ndoa, na kila kilipokaribia kwisha tulitakiwa kuthibitisha kwamba bado tunaishi pamoja: bili ya umeme yenye majina yetu wote wawili, mkataba wa nyumba, na sahihi yake kando ya yangu. Mume wangu ni mtu mwema, lakini katika majuma ya kusubiri miadi nilimeza maneno ambayo wewe ungemwambia baba mdogo bila kusita. Sheria inamlinda mke aliyepigwa. Aliyedharauliwa tu ataonyesha ushahidi gani?

Mfalme Chilperic, mwana wa huyo Aregund, alimwoa Galswintha, binti wa mfalme wa Wavisigothi kutoka Hispania, akampa miji mitano, Bordeaux na Limoges zikiwemo. Galswintha alipochoka kudharauliwa kwa ajili ya Fredegund, mwanamke mwingine wa mumewe, aliomba aiache hazina yote aliyokuja nayo, arudi kwao mikono mitupu. Alikataliwa, kisha akanyongwa kitandani kwa amri ya mumewe. Karibu miaka 20 baadaye, katika mkataba wa Andelot wa mwaka 587 kati ya wafalme wa Wafranki, wakubwa walikuwa bado wanagawana miji ile.

Kwa hiyo mdogo wangu asije kwa mlango wa ndoa. Asome, aombe viza ya masomo kwa jina lake. Hata hivyo, akimpata anayempenda kweli, msimzuie, maana nami nilipenda na sijutii. Pasipoti aishike mwenyewe, nauli ya kurudi iwe katika akaunti yake, na Kifaransa ajifunze kabla ya kupanda ndege. Akitaka kuja kutembea, nitamwandalia barua ya mwaliko na atalala kwangu. Mume sitamtafutia.