Udalali wa nyumba na viwanja unalipa kweli?

Unalipa, ila si kama unavyoona Instagram, mtu kasimama mbele ya nyumba ya Masaki isiyo yake. Kwa Dar, dalali wa kupangisha kwa kawaida anachukua kodi ya mwezi mmoja. Chumba cha Sinza cha 200,000 kinakupa 200,000, sawa, lakini mara nyingi huwi peke yako: mmoja ana mteja, mwingine anaijua nyumba, wa tatu ndiye anayeshika funguo. Mkigawana, kila mtu anaondoka na kama 66,000, na hapo hujatoa hela ya bodaboda na vocha. Halafu kuna yule mteja unayemzungusha nyumba tano juani, jioni anarudi kimyakimya kwa mwenye nyumba wanamalizana wenyewe.

Hela iko kwenye viwanja. Ukikubaliana asilimia 5, kiwanja cha milioni 20 kule Goba kinakuachia milioni nzima kwa mkupuo. Tatizo, unaweza kukaa miezi hujafunga dili hata moja. Na eneo lisilopimwa lina mambo yake: umeshauza, anaibuka mtu mwingine na karatasi ya serikali ya mtaa, naye aliuziwa palepale. Muuzaji kashahama, anayepigiwa simu na polisi ni wewe.

Ninaowajua wanaoishi vizuri kwa kazi hii walianza wakiwa na kipato kingine, na wanaijua kata moja nyumba kwa nyumba. Kama unategemea kodi yako ya mwezi ujao itoke humo, usiache kazi kwanza.