Maswali Yenu: Filamu Isiyotoka Kichwani

SWALI: Kikundi chetu kina vijana kama 40. Niliitazama 12 Angry Men kwenye kompyuta, ikanikaa mwaka mzima. Tulipoionyesha uwanjani kwa projekta ya kuazima, baada ya nusu saa watu walishaanza kunyanyuka. Je, filamu ndiyo nzito mno kwa vijana wetu?
*Msomaji, Dunda, Bagamoyo*

JIBU: Filamu haina kosa. Hiyo ya mwongozaji Sidney Lumet, ya mwaka 1957, ni ya dakika 96, haina rangi, na karibu yote imo ndani ya chumba kimoja. Watu 12 wanaamua kama kijana aliyeshtakiwa kumuua baba yake ana hatia. Haina mbio wala risasi. Mtaji wake ni maneno na nyuso. Maneno yasiposikika, wanabaki wanaume wanaotoka jasho mezani, na hilo halimkalishi mtu kwenye mchanga.

Kuna jambo jingine ambalo jicho hulipata bila kuambiwa. Lumet alianza na kamera juu ya usawa wa macho, kwa lenzi zinazoonyesha chumba kikiwa kipana. Kadiri mabishano yanavyopamba moto, kamera inashuka hadi chini ya macho na lenzi zinakuwa ndefu, hivyo kuta zinasogea na dari inatokea. Mtazamaji hubanwa kifua asijue kwa nini. Taa ya barazani ikimulika kitambaa cha kuonyeshea, ufundi wote huo umekwenda na maji.

Basi anzeni na kitambaa. Shuka moja jeupe hupitisha mwanga, kwa hiyo wekeni kitambaa cheusi nyuma yake. Msilifunge kamba pembe nne tu, maana upepo wa bahari utaligeuza tanga la jahazi na nyuso zitacheza. Likazeni kwenye fremu ya mbao iliyoegemea ukuta. Kwa projekta ya lumeni 3,000 (kipimo cha mwangaza), upana wa mita 3 unatosha; mkitaka mita 5, picha itafifia. Mstari wa kwanza ukae mita 4 au 5 kutoka kwenye kitambaa, wa mwisho usipite mita 12, la sivyo maandishi hayasomeki.

Spika ziwe mbili, kando ya kitambaa, juu kidogo ya masikio ya waliokaa. Wengi huziweka karibu na projekta, sauti ikatoka nyuma na nyuso zikabaki bubu. Punguzeni besi; ndiyo inayomeza maneno. Jenereta liende nyuma ya jengo, mita 30 hivi, na waya ukunjuliwe wote, kwa kuwa uliobaki kwenye roli hupata moto.

Kuhusu lugha: sauti ya DJ juu ya filamu tumeizoea vibandani, na kwa filamu za ngumi ina raha yake. Hapa itaua, kwa sababu DJ hawezi kunyamaza, na nusu ya hukumu imo kwenye ukimya. Andikeni maandishi ya chini kwa Kiswahili: mistari isizidi 2, kila mmoja herufi 40 hivi. Msitafsiri kila neno, Kiswahili kitarefuka na msomaji ataachwa nyuma. Faili la maandishi hayo lipewe jina lilelile la faili la filamu na lihifadhiwe kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kwenye kompyuta. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, maandishi yakiwahi bonyeza H, yakichelewa bonyeza G.

Anzeni baada ya swala ya isha. Mkianza saa moja na nusu, wengine watanyanyuka katikati, na hao hawakimbii filamu.

SWALI: Kuna filamu nalia hadi kanga inalowa, asubuhi nimeisahau. Nyingine silii, lakini inanirudia miezi. Kwa nini?
*Msomaji, Ngamiani, Tanga*

JIBU: Ya kwanza imekumalizia kazi: muziki umekwambia lini ulie, na mwisho kila mtu amepata haki yake. Ya pili imekuachia deni. Tazama Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, ya mwaka 1948. Kwa mji wa baiskeli kama Tanga haihitaji utangulizi. Mke anaweka rehani shuka za kitandani ili baiskeli ya mumewe ikombolewe, kwani bila baiskeli hakuna kazi. Siku ya kwanza kazini inaibwa. Mume huyo aliigizwa na Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwandani. Mwishoni naye anajaribu kuiba, anakamatwa mbele ya mwanawe. Mtoto anamshika mkono, wanapotelea kwenye umati. Kesho watakula nini? De Sica hasemi, na swali hilo unakwenda nalo nyumbani.

Ukiwaonyesha wengine, usiwashe taa mara moja. Acha majina yapite, kaeni kimya dakika 3. Usiulize “mmejifunza nini”, watakujibu kama darasani. Uliza: “Ungekuwa wewe, baiskeli ile ungeigusa?”

SWALI: Maonyesho ya bure nayo yanahitaji kibali?
*Msomaji, Bagamoyo*

JIBU: Bure si kinga. Sheria Na. 4 ya mwaka 1976 inahusu maonyesho ya filamu kwa umma, kwa hiyo ulizeni Bodi ya Filamu kabla ya kutangaza. Ruhusa ya mwenye filamu ni jambo jingine kabisa: diski ya dukani imeuzwa kwa ajili ya sebuleni kwako.