Usimpe fundi hiyo laptopu kabla hujasoma hapa

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika laptopu imekuwa nzito, kesho asubuhi unaipeleka kwa fundi apige Windows upya, "Documents nimeshakopi yote", halafu uendelee na gemu la Assassin's Creed II pale ulipoachia, mji wa Venice. Ukaongeza: uchezee padi ya gemu au kibodi, uanze na lile gemu la kwanza au la, manyoya ya kuokota humo yanatafutwaje. Manyoya gani ndugu yangu, wakati kesho saa nne hutakuwa na hata moja?

Seivu za gemu hili, yaani kumbukumbu za pale ulipofikia, hazikai Documents. Toleo la Ubisoft, kampuni yenye gemu lenyewe, linaziweka kwenye diski C, ile yenye Windows, ndani ya Program Files (x86), Ubisoft, Ubisoft Game Launcher, kwenye folda iitwayo savegames. C ikifutwa, zimekwenda. Na hakuna seivu uliyoiweka pembeni mwenyewe, maana linajihifadhi lenyewe kimyakimya.

Mimi nilikuwa na manyoya 94 kati ya 100. Aliyewahi kuyatafuta anajua. Ramani za hazina unazonunua humo zinaonyesha masanduku tu. Manyoya unayasaka kwa macho yako, paa kwa paa, Florence, San Gimignano, Forlì, Venice. Miezi mitatu, usiku, watoto wakishalala, kitufe cha W kimeng'oka nabonyeza kile kimpira cha chini. Nikaipeleka mashine kwa fundi mmoja hapa Mwanga, Kigoma. Nikamuuliza mara mbili: gemu langu litabaki? Akajibu huku anachambua miba ya mgebuka, "Bosi, kopi Documents na Desktop, mengine takataka." Takataka! Akafuta C nzima. Angepiga juu ya ile ya zamani bila kufuta, angalau ningekuta folda ya Windows.old nikachokonoa humo. Jioni nimelipakua gemu upya kwa bando la jasho langu, nawasha, namwona Ezio, yule unayemchezesha, anazaliwa. Sitanii, gemu linaanza na kichanga unachokichezesha mikono na miguu. Jitu zima nililoliacha juu ya mapaa ya Venice!

Nikarudi kwa fundi. "Kwani hukuiweka D?" Ndivyo alivyonijibu, na hela yangu kaitia mfukoni.

Nilikaa kitandani kimya mpaka mke wangu akauliza nani kafariki. Nikasema Petruccio. "Wa kwenu au wa kwetu?" Sikuwa na nguvu za kumweleza kwamba ni mdogo wake Ezio, kanyongwa mwaka 1476 pamoja na baba na kaka yao, na manyoya yale anapelekewa mama aliyenyamaza kwa majonzi. Na msinicheke, najua zawadi ya mwisho ni joho ambalo ukilivaa kila mji unakuwinda kama mhalifu. Nalitaka hivyo hivyo.

Halafu kuna mjuzi wa pili, aliyeniambia "tulia, hilo linahifadhi mtandaoni". Lilipotoka kwenye kompyuta Machi 2010 lilidai intaneti muda wote kweli, ikikatika gemu linasimama. Sharti hilo liliondolewa baadaye, na mimi nilikuwa nacheza nje ya mtandao kuokoa bando. Huko juu hakikupanda kitu.

Sasa leo hii, siyo kesho: fungua folda niliyokutajia, kopi savegames yote kama ilivyo, usichague faili moja moja, weka kwenye flashi. Chomeka flashi kwenye kompyuta nyingine uone kama inafunguka. Windows mpya ikishakaa, ingia kwa akaunti ile ile, zima uhifadhi wa mtandaoni isije seivu changa ikaikanyaga ya zamani, washa gemu mara moja, lifunge, ndipo urudishe folda. Fundi akikwambia "hiyo haina umuhimu", chukua mashine yako uondoke.

Padi chukua. Kwenye kibodi wanakuonyesha picha ya mkono, mguu na kichwa badala ya herufi, utatafuta mguu uko wapi hadi walinzi wakumalize. Lingine uliuliza nini vile?

Mimi nimeanza upya, niko manyoya 61, flashi nimeifunga kwenye ufunguo wa pikipiki. Wewe umeshakopi? Jibu hilo kwanza.